Makato yasiyoandikwa popote

MKULIMA wa korosho wa Newala au Nanyamba anapolipwa fedha za mauzo yake, huonyeshwa pia orodha ya makato. Umo ushuru wa halmashauri, umo wa chama cha msingi na wa chama kikuu, imo gharama ya kuusafirisha mzigo kutoka kijijini hadi ghala kuu, na imo ya kuutunza humo mpaka uuzwe. Mkulima asiyejiamini katika kusoma humpelekea karatasi yake mwalimu wa shule ya kijiji, naye humfafanulia mstari kwa mstari. Wapo wanaoridhika na wapo wanaonung'unika, lakini angalau kila mmoja ameona kilichokatwa na aliyekikata.

Yako makato mengine ambayo mwalimu huyo hawezi kumsomea mtu yeyote, kwa sababu hayakuandikwa popote. Ni siku ambazo lori lilisimama nje ya ghala kuu likingoja zamu ya kushusha. Ni juma zima ambalo chama cha msingi hakikupokea korosho kwa kuwa magunia hayajafika. Ni makasha matupu yaliyoletwa kwa meli hadi Mtwara kwa sababu hapakuwa na bidhaa ya kuyajaza wakati wa kuja. Hakuna risiti inayotolewa kwa ajili ya mambo hayo. Hata hivyo yanalipwa, na anayelipa ni yule yule aliyepalilia na kupuliza salfa.

Jambo hili hapana budi lieleweke vizuri kwa watumishi wa umma walioko Kusini, maana wengi wao huamini kwamba ucheleweshaji ni hasara ya mfanyabiashara. Si kweli. Mnunuzi anayeshiriki mnada wa korosho huianza hesabu yake kutoka mwisho, yaani kutoka bei anayotarajia kuipata India au Vietnam, ambako sehemu kubwa ya korosho ghafi ya Tanzania hubanguliwa. Katika bei hiyo anatoa nauli ya meli, anatoa ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi, malipo ya bandari, ya lori na ya makuli, riba ya benki kwa kila siku ambayo mzigo utakuwa haujafika, na akiba kidogo kwa ajili ya ubovu asioweza kuuona kwa macho. Kinachobaki baada ya kuondoa faida yake ndicho anachokitaja mnadani. Akijua kwamba ghala fulani humpa mzigo wake kwa siku 2 atataja bei moja. Akijua kwamba ghala jingine humzungusha siku 10 atataja nyingine, wala hatakuwa na haja ya kueleza sababu. Shilingi 50 kwa kilo ni fedha ambazo mtu wa mjini huziacha mezani bila kugeuka nyuma. Kwa tani 300,000 ni shilingi bilioni 15. Na mavuno ya korosho ya nchi hii yalikwisha kuvuka tani 300,000 katika msimu wa 2017/2018.

Korosho ina tabia nyingine inayoifanya isivumilie uzembe, nayo ni majira yake. Minada ya Kusini hufunguliwa Oktoba. Wakati huo viwanda vya Asia vimekwisha kula sehemu kubwa ya akiba yake, na Kodivaa, nchi inayoongoza duniani kwa korosho ghafi, haijaanza kuvuna. Mavuno ya Afrika ya Magharibi huanza kuingia sokoni kuanzia Februari hivi. Mungu ameijalia Tanzania miezi michache ambayo mnunuzi hana pengine pa kwenda. Mzigo uliotoka Desemba humkuta ana njaa. Mzigo ule ule ukitoka Machi humkuta anachagua.

Wazee wa Mikindani hawahitaji kufundishwa somo hili. Kabla Mtwara haijawa mji, majahazi yaliyokuja na kaskazi yaliondoka na kusi, na mwenye bohari ambaye bado alikuwa akikusanya sandarusi yake huko bara pepo zilipogeuka alibaki nayo mpaka mwaka mwingine. Upepo haukupokea barua ya kuomba kuongezewa muda.

Mtwara yenyewe ni mji uliozaliwa na hesabu mbovu ya uchukuzi. Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, iliamua kwamba karanga za Nachingwea zitahitaji bandari yenye kina kirefu na reli ya kuzifikisha huko. Mradi uliachwa mwaka 1951, karanga zikiwa hazijapatikana za kutosha hata kujaza maghala. Gati lilifunguliwa mwaka 1954, miaka 3 baada ya sababu ya kulijenga kutoweka. Reli nayo, iliyofika Nachingwea na baadaye Masasi, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kukosa mzigo, ikang'olewa. Wakoloni walijenga njia ya mzigo usiokuwapo. Leo mzigo upo, tena mwingi, na udhaifu umehamia upande wa pili.

Kabla ya kufika hapo, Kusini ilipitia somo jingine ambalo si la wakoloni. Katika msimu wa 1973/1974 Tanzania ilikusanya kiasi cha tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/1987 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: bei isiyomtia mkulima moyo, ugonjwa wa ubwiriunga, watu kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, na kuvunjwa kwa vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, hatua ambayo Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kuwa ilikuwa kosa. Katika miaka hiyo hiyo taifa lilikuwa limekopa fedha nyingi kujenga viwanda vya kubangulia korosho. Viwanda hivyo vilipokamilika, korosho hazikuwapo. Vingi vilisimama, vikabinafsishwa, na baadhi yake vikageuzwa kuwa maghala. Ndiyo kusema kwamba mpaka katika misimu ya karibuni kumekuwa na majengo yaliyokusudiwa kubangua korosho ambayo kazi yake imekuwa kuzihifadhi zikingoja kwenda kubanguliwa ng'ambo.

Haya hayasemwi ili kufukua makaburi. Yanasemwa kwa sababu katika miaka ya karibuni Serikali imewekeza tena Mtwara kwa kiasi kikubwa, na ingekuwa aibu kosa likarudiwa kwa sura nyingine. Gati jipya lenye urefu wa mita 300 limejengwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 150. Tangu 2018 meli za mafuta zimekuwa zikishusha hapo, na mikoa ya Kusini imeacha kutegemea Dar es Salaam peke yake kwa petroli na dizeli. Makaa ya mawe ya Mbinga yamepata njia ya kwenda nje. Barabara kutoka Songea hadi Mtwara ni ya lami, na Daraja la Mkapa limewaondolea wasafiri adha ya kivuko cha Rufiji tangu 2003. Mtu aliyeijua Kusini ya zamani, ambayo masika yakianza ilikatika na nchi nzima, hawezi kuyadharau mabadiliko hayo.

Lakini gati halipakii meli peke yake. Viongozi wametoa zaidi ya mara moja agizo kwamba korosho za Kusini zipite Bandari ya Mtwara, na zaidi ya mara moja malori yameonekana yakizipeleka Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 500, huku gati la Mtwara likiwa na nafasi. Ni rahisi kumlaumu mnunuzi kwamba anakaidi. Ni vizuri zaidi kuuliza anachokifuata. Anafuata makasha. Dar es Salaam hupokea bidhaa za nchi nzima na za nchi jirani, na kila kasha likishushwa bidhaa zake hubaki tupu, tayari kupakiwa. Mtwara hupokea bidhaa chache, kwa hiyo makasha yake lazima yaletwe matupu, na kulisafirisha kasha tupu baharini hugharimu fedha kama kulisafirisha lililojaa hewa ya bei ghali. Agizo bila makasha ni sawa na kumwagiza mtu achote maji bila ndoo.

Dawa yake si agizo jingine. Dawa ni kuupa mji huo bidhaa za kuingia. Salfa na viuatilifu vinavyotumika katika mashamba ya Mtwara, Lindi na Ruvuma, mbolea ya wakulima wa mahindi wa Songea na Mbinga, vifaa vya ujenzi wa shule na zahanati vinavyonunuliwa na Serikali yenyewe: vyote hivi vina mnunuzi anayejulikana, na mara nyingi mnunuzi huyo ni chombo cha umma. Ofisa manunuzi anayeandika katika zabuni yake kwamba mzigo wa Kusini ushushwe Dar es Salaam, kwa sababu ndivyo zabuni ya mwaka jana ilivyoandikwa, anaongeza gharama mara mbili. Anaulipia mzigo wake nauli ya barabara isiyo ya lazima, na anamnyima mkulima wa Tandahimba kasha. Hajui kwamba amefanya hivyo, nalo faili linafungwa salama.

Wala usalama wa nchi hauruhusu Kusini kuning'inia kwenye barabara moja. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoandamana na mvua kubwa, barabara ya kwenda Lindi na Mtwara ilikatika upande wa Kilwa, na abiria na malori yakakwama pande zote mbili. Ilikuwa bahati kwamba msimu wa korosho ulikuwa umekwisha.

Sasa turudi ghalani, maana huko ndiko fedha nyingi zinakopotelea na ndiko macho ya wakubwa yanakofika kwa nadra. Mgeni wa heshima huonyeshwa gati. Ghala huonyeshwa siku ya uzinduzi.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulitungiwa sheria mwaka 2005 na ukaanza kutumika katika korosho msimu wa 2007/2008. Nia yake ni njema na haina budi kulindwa: mkulima asiuze kwa kangomba, kipimo cha mlanguzi anayepita kijijini wakati wa njaa, bali mali yake ikusanywe, ipimwe, ipangwe madaraja, ihifadhiwe mahali pa kuaminika na kushindaniwa na wanunuzi wengi. Stakabadhi ni ahadi kwamba kilichoandikwa kwenye karatasi ndicho kilichomo ndani ya ghala. Ghala likiwa bovu, au mwendeshaji wake akiwa mwongo, karatasi hiyo haina thamani kuliko tiketi ya basi ya jana.

Korosho ghafi huonekana ngumu kama kokoto, lakini ni kitu kinachopumua. Inapaswa kuanikwa mpaka ikauke, na ikiwekwa na unyevu mwingi katika gunia lililobanwa hupata joto, ikaota ukungu, na kokwa yake ikageuka rangi. Magunia yakipangwa juu ya sakafu tupu badala ya vichanja vya mbao, safu ya chini hunyonya unyevu wa saruji. Yakibanwa ukutani, maji ya mvua za Desemba yapitayo kwenye paa huteremka nayo. Yasipoachiwa njia katikati, mkaguzi hawezi kuyafikia na gari haliwezi kupakiwa bila kuhamisha rundo zima, na hapo kazi ya saa 3 inakuwa ya siku nzima. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mkopo kutoka nje. Yanahitaji mbao, chokaa ya kuchora mistari sakafuni, na mtunza ghala anayejua kwamba mzigo ulioingia kwanza ndio unaotoka kwanza.

Halafu liko suala la unyaufu. Ni kweli kwamba korosho hupungua uzito kadiri inavyokauka. Lakini unyaufu umekuwa kichaka cha kujifichia. Mzigo uliopimwa kijijini ukikutwa umepungua ghala kuu, jibu ni unyaufu. Ukipungua tena wakati wa kumkabidhi mnunuzi, ni unyaufu huo huo. Korosho haiwezi kunyauka kwa kilo 80 kamili, ambazo kwa ajabu ni uzito wa gunia moja. Mizani ya kijijini na ya ghala kuu zikikaguliwa na wataalamu wa vipimo kabla ya msimu, na unyevu ukapimwa na kuandikwa kwenye hati kila mzigo unapobadilisha mikono, itajulikana kwa hakika ni kiasi gani kimechukuliwa na jua na ni kiasi gani kimechukuliwa na watu.

Viongozi wasichukulie kwamba mkulima hatambui. Aprili 2013, wakulima wa Liwale walipoletewa malipo ya pili yaliyopungua kuliko walivyotarajia, hasira ililipuka na nyumba za viongozi zikachomwa moto. Kuchoma nyumba ni uhalifu na hakuna wa kuutetea. Lakini mtu mwenye busara atakumbuka kwamba moto ule uliwashwa na hesabu ambazo hazikuelezwa kwa wenye mali kwa wakati. Miaka 5 baadaye, Novemba 2018, bei ya mnadani ilipoanguka, hayati Rais John Magufuli aliamuru Serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likatoa malori ya kuzisomba. Uamuzi ule ulikuwa na huruma kwa mkulima. Ulionyesha pia ukweli mchungu: nchi ilikuwa na uwezo wa kuijaza korosho ndani ya maghala kuliko ilivyokuwa na uwezo wa kuitoa humo. Shehena kubwa ilikaa mpaka mwaka 2019 ikitafuta mnunuzi, na kila mwezi uliopita uliila thamani yake.

Tangu 2024 minada inaendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania. Bei inapatikana kwa dakika chache, wazi mbele ya wakulima, na mnunuzi anaweza kushindana akiwa mbali. Hiyo ni hatua kubwa. Imeondoa pia kisingizio kilichozoeleka, kwamba mauzo ndiyo yanayochelewesha. Kama bei imepatikana asubuhi na fedha zimelipwa, lakini lori linaondoka ghalani baada ya siku 8, basi siku hizo 8 zina mwenyewe, na afaa atajwe kwa cheo chake.

Ingesaidia sana kama kila ghala kuu la Mtwara, Masasi, Newala na Tandahimba lingebandika kila Jumatatu, kwenye ubao mahali pa wazi, idadi ya siku ambazo gari lilingoja kushusha na siku ambazo mnunuzi alingoja kupakia. Vyama vikuu vya MAMCU na TANECU vina makarani wa kutosha kufanya hivyo. Ofisa ushirika wa wilaya angeyasoma maelezo hayo kabla ya kusoma taarifa ya maendeleo ya robo mwaka, ambayo kwa kawaida huandikwa na mtu ambaye hakwenda ghalani. Kwenye shule, mwalimu wa hisabati angepata mifano ya asilimia na ya mwendo iliyo karibu zaidi na watoto wake kuliko treni mbili zinazokutana, hasa kwa watoto ambao hawajapata kuiona treni.

Malori nayo yaangaliwe. Gari linalosomba makaa ya mawe kutoka Mbinga hadi Mtwara huhitaji mzigo wa kurudi nao, na Songea inahitaji saruji ya Mtwara, chumvi ya pwani, mbolea na mafuta. Gari likirudi tupu, nauli ya kwenda inabeba gharama ya safari zote mbili. Kazi ya kuwakutanisha wenye magari na wenye mizigo si kazi ya uchumi wa hali ya juu. Ni ofisi moja mjini Mtwara, simu, na mtu asiyedai chochote mkononi. Kinachotakiwa kuepukwa ni kuigeuza ofisi hiyo kuwa kizuizi kingine barabarani chenye muhuri wake.

Mwisho kuna vijiji vya bonde la chini la Ruvuma, Kitaya, Mahurunga na Kilambo, ambako mto unakaribia kuingia baharini. Huko hakuna atakayeuliza habari za makasha ikiwa gari halikufika. Barabara za udongo zinazotoka vijijini humo hazikubali malori makubwa mvua zikishika, na chama cha msingi chenye ghala dogo kikijaa hakiwezi kupokea gunia jingine. Mkulima hulazimika kuzirudisha korosho zake nyumbani, na mlanguzi wa kangomba hujua ni nyumba ipi. Mwaka 2020 watu wa Kitaya walivamiwa na magaidi kutoka ng'ambo ya mto. Watu wa namna hiyo hawakustahili kupoteza nusu ya bei kwa sababu karavati moja halikuzibuliwa Septemba.

Mikorosho huchanua katikati ya mwaka. Kutoka hapo hadi mnada wa kwanza ipo miezi kama 3. Katika muda huo magunia yanaweza kuagizwa na kufika vijijini, mapaa yanayovuja yanaweza kuzibwa, mizani inaweza kukaguliwa, barabara za Kitaya na Mahurunga zinaweza kupitiwa na greda, na kampuni za meli zinaweza kuelezwa mapema ni makasha mangapi yatahitajika Mtwara kila juma kuanzia Novemba. Vikao vya mikoa vya kujiandaa na msimu kwa kawaida hufanyika wakati huo. Ajenda yake ya kwanza na iwe hesabu ya siku zilizopotea msimu uliopita, ghala kwa ghala, na waendeshaji wa maghala hayo wawe wamekaa mstari wa mbele.